Mgema Asiyesifiwa Bure

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wakaikariri na kuipachika katika insha zao, nasi walimu tukawapa alama. Nilidhani naielewa, hadi juzi nilipoalikwa kuonja bia.

Msomaji asinikunjie uso. Sikwenda kulewa. Kijana mmoja niliyemfundisha zamani ameanzisha kiwanda kidogo cha bia viungani mwa jiji la Nairobi, naye alitaka watu wazima wachache waionje pilsner yake ya kwanza kabla hajaipeleka sokoni. Kila mmoja wetu alimiminiwa kiasi cha kikombe cha kahawa.

Kwa macho ilipendeza: rangi ya dhahabu, angavu, na povu jeupe lililokaa. Mdomoni ilianza kwa ladha ya ganda la mkate, kisha ukafuata uchungu safi wa maua ya mmea uitwao hopsi. Lakini kadiri baridi ilivyopungua, ndivyo harufu nyingine ilivyojitokeza: harufu ya mahindi ya kuchemsha. Niliisikia barabara. Hata hivyo, kijana aliponiuliza maoni yangu, nilijibu, "Tamu sana, mwanangu." Wenzangu nao wakaitikia vivyo hivyo.

Zamu ikamfikia mama mmoja wa makamo ambaye ujanani alikuwa akipika busaa kwao magharibi mwa Kenya. Alinusa, akaonja, akaiweka bilauri chini.

"Mwanangu," akasema, "hii yanuka mahindi ya kuchemsha. Uliipika ukiwa umefunika sufuria?"

Sote tukanyamaza. Kijana akatoa daftari. "Ndiyo, mama. Nilifunika, tena nikapunguza muda wa kuchemsha ili niokoe gesi. Ahsante sana."

Mama yule alikuwa amegonga penyewe. Kimea cheupe cha shayiri kinachotumika kutengenezea pilsner huzaa harufu hiyo kinapopashwa moto, na dawa yake ni kukichemsha kwa nguvu, sufuria ikiwa wazi, ili mvuke uichukue. Katika bia nyeusi kosa kama hilo huweza kujificha nyuma ya ladha ya nafaka iliyokaangwa. Pilsner haina pa kulificha.

Na hata asili ya kinywaji hiki ni lawama, si sifa. Pilsner maana yake ni kitu cha Plzeň, mji ulioko magharibi mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Inasimuliwa mjini humo kuwa mnamo 1838 wenyeji walichoshwa na bia mbovu, wakamwaga mapipa 36 hadharani mbele ya jumba la baraza la mji. Hawakusema "tamu sana." Wakajenga kiwanda kipya na kumwajiri mpishi kutoka Bavaria, Josef Groll. Mnamo Oktoba 1842, kwa maji laini ya Plzeň, kimea cheupe, hopsi za Žatec na chachu inayofanya kazi kwenye baridi, Groll alipika bia ya rangi ya dhahabu ambayo sasa inaigwa takriban kila pembe ya dunia, hapa kwetu pia. Lau wale wenyeji wangekuwa waungwana wa aina yangu, huenda wangali wanakunywa uchafu wao hadi leo.

Wanafunzi mnaosoma haya, bia si yenu; sheria ya 2010 inakataza asiyetimiza miaka 18 kuuziwa kileo, na inakataza kwa sababu njema. Lililo lenu ni lile daftari. Kijana aliyeambiwa kosa lake mbele ya watu hakununa wala hakujitetea. Aliandika.

Walimu wenzangu, letu ni zito zaidi. Ni insha ngapi tumezipitisha kwa neno "vizuri" ilhali pua ilikuwa ikilalamika? Twajiambia kuwa tunawatia moyo watoto, kumbe aghalabu tunakwepa taabu ya kueleza kosa liko wapi na dawa yake ni ipi. Mama yule hakusema bia ni mbaya. Aliitaja harufu, akauliza habari za sufuria. Huko ndiko kusahihisha.

Nilipokuwa nikiaga, kijana alinisindikiza hadi langoni. "Mwalimu," akaniuliza kwa adabu, "kwani wewe hukuisikia ile harufu?"

Nilimwambia kweli kwamba niliisikia. Akainamisha kichwa, nami nikainamisha changu. Methali ya mgema ni mimi niliyemfundisha.