Redio ya gari isiyo na tundu la simu: njia za kuliongeza na hatari zake

MAGARI mengi yaliyotumika ambayo huingizwa Tanzania na Kenya kutoka Japani huteremka bandarini yakiwa na redio nzima na spika nzuri, lakini redio hizo haziwezi kumfanyia mmiliki mpya jambo analolihitaji zaidi, nalo ni kumsikilizisha muziki au mawaidha yaliyohifadhiwa katika simu yake.

Redio hizo, hasa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya kati ya 2000, zina mdomo wa kaseti au wa CD, na hazina lile tundu dogo la milimita 3.5 ambalo kwenye redio nyingine huandikwa AUX. Kutokana na upungufu huo, baadhi ya wamiliki huing'oa redio ya asili na kununua nyingine ya bei nafuu, hatua ambayo mara nyingi haina ulazima.

Wengi huanza na kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, ambacho hupokea sauti ya simu na kuirusha kwa masafa ya FM ili redio iinase kama inavyonasa kituo chochote. Kifaa hicho hakihitaji fundi. Hata hivyo, kwa gari la Kijapani kina kasoro ambayo muuzaji huwa haielezi.

Nchini Japani matangazo ya FM yalipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, wakati Afrika Mashariki hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba eneo la kati ya 90 na 108 lilitumiwa na Wajapani kwa chaneli tatu za kwanza za televisheni, hadi walipoanza kuzima mitambo ya analojia mwaka 2011. Baada ya hapo FM yao iliongezwa hadi 95, na kwa hiyo redio za magari ya karibuni zina nafasi kubwa kidogo.

Maana yake ni kwamba kifaa cha kurusha sauti na redio ya zamani ya Kijapani hukutana katika kipande chembamba cha megahezi 2.5 tu, kati ya 87.5 na 90. Katika jiji kama Dar es Salaam, kipande hicho kina vituo vyenye mitambo mikubwa, ambavyo huimeza sauti dhaifu ya kifaa hicho. Matokeo yake ni mkwaruzo usiokwisha na dereva anayebadilisha masafa huku akiendesha.

Wapo waliofungiwa kile kisanduku kidogo cha kupunguza masafa, ambacho hukaa kati ya antena na redio. Kikiwa ni cha kupunguza megahezi 20, kituo cha 98 husikika redio ikisomeka 78. Katika gari la namna hiyo kifaa cha kurusha sauti hupata uwanja mpana zaidi, ila mtumiaji afanye hesabu ya kutoa kabla ya kulaumu kifaa.

Kwa mwenye redio ya kaseti, dawa rahisi na ya uhakika zaidi ni kaseti bandia yenye waya. Ndani yake hamna utepe, bali kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachogusana na kichwa cha kusomea cha redio na kukipa sauti moja kwa moja, pasipo kupita hewani. Vituo vya jirani haviwezi kuingilia. Kasoro yake hujitokeza katika redio zinazogeuza kaseti zenyewe, kwani baadhi hudhani utepe umefika mwisho, zikaanza kugeuza huku na huku.

Njia inayotoa sauti safi kuliko zote hizo ni kuongeza tundu lenyewe, na hapo ndipo fundi anapohitajika.

Nyuma ya redio nyingi za asili kuna soketi iliyokusudiwa kisanduku cha kubadilishia CD, ambacho zamani kilifungwa kwenye buti au chini ya kiti. Soketi hiyo hupokea sauti ya kiwango kinachokaribiana na kile cha simu. Kwa mtazamo wa haraka, kinachotakiwa ni kuunganisha waya tatu, yaani sauti ya kushoto, sauti ya kulia na waya wa ardhi.

Mambo hayaishii hapo. Redio ya Toyota, kwa mfano, haifungui mlango huo mpaka izungumze kwanza na kisanduku kwa mfumo wa mawasiliano uitwao AVC-LAN. Isipojibiwa, huona hakuna kitu. Ndiyo maana huuzwa vifaa maalumu ambavyo kazi yake ni kuidanganya redio kwamba kisanduku cha CD kipo. Anayenunua kifaa cha aina hiyo anapaswa kwenda dukani na namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha redio, kwa sababu soketi inayoingia si lazima iwe ndiyo inayoelewana.

Pale ambapo soketi hiyo haipo, mafundi wenye uzoefu huifungua redio na kuingiza sauti ndani yake, baada ya sehemu inayosoma kaseti au CD na kabla ya sehemu inayokuza sauti. Katika redio za zamani mahali pazuri pa kulehemu ni kwenye miguu ya kitufe cha kuongeza sauti. Katika redio za baadaye kitufe hicho hutuma amri tu na hakuna sauti inayopita hapo, hivyo fundi hulazimika kuifuata njia ya sauti kwenye bodi.

Kazi hiyo ikifanywa vizuri, kila upande huwekewa kapasita, aghalabu ya microfaradi 10, ili umeme wa ndani ya redio usirudi kwenye simu. Tundu linalofaa ni lile lenye swichi ndani yake, ambalo pini ikiingia hukata sauti ya kaseti au CD na ikitoka huirudisha.

Redio iliyounganishwa hivyo bado hutaka kuamini kwamba inacheza kitu. Wenye mdomo wa CD hutumia ujanja wa kurekodi CD ya kimya kitupu, ambayo huzunguka kwa dakika 74 huku sauti inayosikika ikitoka kwenye simu. Si njia ya kupendeza, lakini inafanya kazi.

Kosa linaloharibu vitu vingi ni la kuunganisha simu kwenye waya za spika, kwa fikra kwamba sauti ni sauti. Katika redio nyingi za kisasa waya hizo hubeba takriban nusu ya volti za betri hata redio ikiwa imewashwa kimya. Simu inayogusishwa hapo inaweza kuungua papo hapo, na pengine redio nayo ikafuata.

Kosa jingine ni kuamini rangi za waya. Redio za kununua dukani kwa kawaida hutumia njano kwa umeme wa kudumu, nyekundu kwa umeme wa ufunguo na nyeusi kwa ardhi. Katika magari mengi ya Toyota umeme wa kudumu hupita kwenye waya wa buluu wenye mstari wa njano, ule wa ufunguo kwenye waya wa kijivu, na ardhi ni kahawia. Fundi asiyepima kwa mita kabla ya kukata anabahatisha kwa mali ya mtu, na waya uliounganishwa pasipo fyuzi unaweza kuwaka moto nyuma ya dashibodi.

Tundu la AUX lenyewe halihitaji umeme wowote. Vinavyohitaji umeme ni visanduku vya ziada, na vikichukuliwa kwenye waya wa kudumu huendelea kuinyonya betri usiku kucha. Vinapaswa kuunganishwa kwenye umeme wa ufunguo.

Kabla ya redio kuvutwa, lipo swali ambalo mmiliki anatakiwa kuuliza: je, redio hii ina kufuli? Baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani hujifunga zikikatiwa umeme na kudai namba ya siri, tena kwa maandishi ya Kijapani. Mwenye gari aliyepata gari lake mnadani hana namba hiyo. Anayekwepa kuchomoa betri akidhani amelikwepa kufuli anajidanganya, kwa kuwa kuchomoa soketi ya umeme ya redio kuna matokeo yaleyale.

Betri, hata hivyo, inapaswa kuchomolewa kila kazi inapofika karibu na mifuko ya hewa, ambayo soketi zake kwa kawaida huwa za rangi ya njano. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kuchomoa betri kabla ya kugusa sehemu hizo, kwani umeme wa akiba huwa haujaisha. Kwa sababu hiyo, mahali panapofaa kutoboa tundu ni karibu na breki ya mkono au kwenye kisanduku kilicho kati ya viti. Mbele ya abiria, juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa, hapafai kabisa.

Simu zenyewe nazo zimebadilika. Tangu Apple ilipotoa iPhone 7 mwaka 2016 pasipo tundu la milimita 3.5, kampuni nyingine nyingi zimefuata, na sasa mwenye simu ya aina hiyo huhitaji kipande cha kuunganishia au kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu jipya la gari.

Hapo ndipo wengi husikia mluzi unaopanda na kushuka kadiri injini inavyokanyagwa. Mluzi huo hutoka kwenye altaneta na huingia kwa sababu simu imeunganishwa na gari kwa njia mbili kwa wakati mmoja, chaja na waya wa sauti. Namna ya kuhakikisha ni kuchomoa chaja huku muziki ukiendelea. Mluzi ukikoma, kitenganishi kidogo cha waya wa ardhi, kinachowekwa kati ya simu na tundu, huumaliza. Ukiendelea hata simu yenyewe ikiwa imechomolewa, tatizo liko kwenye waya wa ardhi wa redio, na fundi hulazimika kuitoa redio tena.