Mulango wa kusukuma: safisha mbele ya kushika visi

Bandugu ba kazi na bamama, huku Kolwezi na Likasi, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9, vumbi inajaa mu reli ya mulango wa kusukuma. Mulango unakuwa muzito, mutoto anausukuma kwa nguvu, vidole vinabanwa.

Wengi wanakimbilia kumwanga mafuta. Hapana! Sisi ba mukanda wa kubeba mawe tunajua: mafuta na vumbi vikichangana vinakula chuma. Safisha reli na brosi kavu, kisha pakaa mushumaa.

Kama ungali muzito, tafuta visi mbili chini ya mulango, ku pembe zake. Mara nyingi kifuniko kidogo cha plastiki kinazificha. Mwenzako ainue mulango kidogo na ubao, wewe zungusha visi nusu, ujaribu, halafu upande wa pili. Kutoa kioo peke yako, hata kama uko na nguvu ya shimo, tunakataza.

Gurudumu lililopasuka linabadilishwa tu. Nyumba ikiwa ya kampuni, delege wa sindika aandike ombi, bei isikatwe mu mushahara wako.