Je, Saratani Huambukiza? Kisa cha Uvimbe wa Taya

Neno saratani tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya awali ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Kansa nalo, tulilolitohoa kutoka Kiingereza, asili yake ni neno la Kilatini lenye maana iyo hiyo. Aghalabu ugonjwa huu hutengwa na maradhi ya kuambukiza kama vile malaria. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mpaka huo si thabiti, na kwamba ushahidi muhimu juu ya jambo hili ulianzia papa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyekuwa na uvimbe pande zote za mataya. Wiki chache baadaye alimkuta mwingine wa namna hiyo mjini Jinja. Mnamo 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Walibaini kuwa uvimbe ule ulienea katika maeneo ya joto na mvua, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi ulikuwa adimu. Mbu naye hufuata mipaka iyo hiyo.

Mwaka huo Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, akashuku kwamba pana kirusi. Akaanza kupokea sampuli kwa ndege kutoka Kampala, lakini kwa muda mrefu hakuambulia kitu. Desemba 1963 ukungu uliilazimu ndege kutua Manchester. Sampuli ilipomfikia, majimaji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angeyamwaga akidhani yameoza. Epstein aliyachunguza, akaona seli hai za uvimbe zikielea. Zilikuzwa maabarani, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona kwa hadubini ya elektroni. Leo kinaitwa Epstein-Barr. Jina la Achong, mzaliwa wa Trinidad, halimo.

Hata hivyo, watu wazima karibu wote duniani wanacho kirusi hiki, kipitacho katika mate, na wengi hakiwadhuru. Mbu basi anahusikaje? Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huzichochea seli fulani za kinga zizaane kupita kiasi, na papo hapo hudhoofisha ulinzi unaokidhibiti kirusi. Katika kuzaana huko, kromosomu huweza kukatika na kuungana visivyo.

Visa vingine vimefuata: virusi vya papiloma na mlango wa kizazi, virusi vya homa ya ini aina ya B na ini, bakteria Helicobacter pylori na tumbo. Wataalamu wa kimataifa walikadiria kuwa takriban asilimia 13 ya saratani zilizogunduliwa duniani mwaka 2018 zilitokana na maambukizi. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya papiloma mwaka 2019.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Mtangazaji asemapo "saratani ya kuambukiza", msikilizaji huelewa kwamba mgonjwa ndiye hatari, na kikombe chake huwekwa kando. Kiambukizacho ni kirusi au bakteria. Saratani yenyewe haimtoki mgonjwa ikamwingia amuuguzaye. "Saratani itokanayo na maambukizi" ni istilahi ndefu, naam, lakini ndiyo inayostahili kutumiwa redioni na zahanatini.