Daraja la Zeze: Kazi ya Fundi na Mzigo wa Istilahi

Istilahi ya ufundi hupimwa kwa maswali mawili: je, inaeleweka kwa anayeitumia kazini, na je, inaibeba dhana kwa usahihi? Kipande kidogo cha mti kinachokaa chini ya nyuzi za zeze au fidla kinafaa kuwa mfano wa kipimo hicho.

Uzi uliokazwa, ukiwa peke yake, huitikisa hewa kidogo mno. Sauti inayomfikia msikilizaji hutoka kwenye uso mpana: katika zeze la Wagogo ni ngozi iliyowambwa juu ya kibuyu, katika fidla ni ubao mwembamba wa juu. Kipande hiki basi kina kazi mbili. Kwanza, huziinua nyuzi zisiguse shingo ya ala. Pili, huuvusha mtetemo wa nyuzi hadi kwenye uso huo. Katika fidla hakigandishwi kwa gundi. Hushikiliwa na mkazo wa nyuzi tu.

Kazi hiyo ya pili ndiyo inayodai wepesi. Kitu kizito hakikubali kutikiswa upesi, na kwa sababu hiyo sauti za juu ndizo hupotea kwanza. Ushahidi upo katika desturi ya wapiga fidla: wanapotaka sauti hafifu na ya kiza, hubandika kibanio juu ya kipande hicho ili kukiongezea uzito. Kipande cha fidla huchongwa kwa mti wa nchi baridi uitwao mepo, na uzito wake ni takriban gramu 2. Chini huwa na unene wa milimita 4 hivi, kisha hupunguzwa hadi kati ya milimita 1 na 2 juu. Matundu hukatwa katikati yake, na miguu husuguliwa kwa msasa hadi iukalie ubao bila mwanya. Kwa kazi hii mpingo, ambao huzama majini, ni mzito mno, ijapokuwa ni bora kwa klarineti. Mninga ni mwepesi zaidi.

Lugha mbalimbali zimekipa kipande hiki majina kwa njia ya sitiari. Waitaliano hukiita ponticello, yaani daraja dogo. Wafaransa hukiita chevalet, yaani farasi mdogo. Waarabu nao husema faras, hata kwa ganuni, ala ya taarabu ambayo kipande chake hukalia vipande vya ngozi. Sitiari ya farasi husisitiza kubeba. Ile ya daraja husisitiza kuvusha.

Kiswahili kina neno la Kiarabu, daraja, lakini historia yake ni tofauti. Katika Kiarabu neno hilo lina maana ya kidato cha ngazi au cheo. Kivuko cha juu ya mto huitwa jisr. Kiswahili kilihifadhi maana za ngazi na cheo, kisha kikaongeza ile ya kivuko. Kwa hiyo anayesema “daraja la zeze” hatafsiri tu sitiari ya Ulaya. Kidato huinua, kivuko huvusha. Neno moja linazikusanya kazi zote mbili za kipande hicho, jambo ambalo ponticello na faras hayalifanyi.

Umuhimu wa hoja hii huonekana katika mahali kama Nangara, mjini Babati. Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002, ni makutano ya Kiiraqw na Kigorowa, ambazo ni lugha za Kikushi; Kidatooga, ambacho ni cha Kinailoti; na Kimbugwe, ambacho ni cha Kibantu. Katika mazingira hayo, karakana humkutanisha fundi na mwanagenzi asiyeshiriki naye lugha ya nyumbani, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mwanagenzi anayefikiria kidato pekee atachonga kipande kirefu cha kutosha, lakini kizito. Nyuzi zitainuka na ala itabaki bubu. Akifahamu kwamba daraja ni la kuvusha pia, atajua kwa nini anaambiwa aendelee kupunguza mti. Istilahi nzuri, basi, si pambo la kamusi. Ni sehemu ya maelekezo ya kazi, na mwanaisimu anayeiunda bila kuielewa kazi yenyewe humpa fundi jina lisilomsaidia.