Mlio Unaokuja na Kutoweka: Jinsi ya Kuusaka Katika Gari Lililokwisha Tumika

Wenye magari wengi wa Mbale na wilaya zinazolizunguka jiji hili wanaufahamu mkasa huu. Gari lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika huanza kutoa mlio usio wa kawaida: kugonga, kusaga, kuvuma, au kulia kama kinda la ndege. Mwenyewe hulipeleka kwa fundi, na mbele ya fundi gari hunyamaza. Fundi huzunguka nalo mtaa mmoja, husikiliza, kisha hulirudisha na kusema kwamba hakuna kitu. Jioni ile ile, njiani kurudi nyumbani, mlio hurejea. Baada ya safari mbili tatu za namna hiyo mwenye gari huchoka, huongeza sauti ya redio na kuamua kuishi nao.

Ni kwa ajili ya uamuzi huo wa mwisho tunaandika makala haya. Mkaguzi wa Magari wa polisi huitwa baada ya ajali, wakati redio haiwezi tena kuficha lolote, na kazi yake ni kuinama chini ya gari lililoharibika na kutafuta ni kitu gani kilichoachia. Chuma kinachochakaa kidogo kidogo kwa kawaida hutoa ishara kabla ya kukatika. Dalili ya mvua ni mawingu, na mlio ni wingu ambalo dereva mwenyewe anaweza kuliona mapema, iwapo anajua kulitazama.

Kwa nini magari yetu hulia

Magari mengi madogo yanayotumika mashariki mwa Uganda yalitengenezwa Japani, nchi ambayo, kama yetu, hupitisha magari upande wa kushoto wa barabara. Huteremshwa bandarini Mombasa na kuingia kwetu kupitia Malaba au Busia. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Kwa upande wa Uganda, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo gari linaweza kuwa halali kabisa kwetu na bado likawa limetembea zaidi ya miaka kumi kabla ya kufika mikononi mwa mnunuzi.

Umri huo huonekana kwanza katika mpira. Chini ya gari kuna bushi nyingi za mpira zinazotenganisha chuma na chuma, na mifuko ya mpira inayoshika grisi ndani ya viungo. Mpira hukauka na kupasuka hata kama gari halikutembea sana. Kisha gari hilo linaletwa katika barabara zetu: lami iliyo tambarare kuelekea Tororo na Soroti, miinuko na kona za kuelekea Sipi na Kapchorwa, na njia za changarawe na tope za Bududa na Manafwa. Vumbi jekundu huingia katika kila ufa wa mpira, huchanganyika na grisi, na mchanganyiko huo husaga chuma kama msasa.

Kwa nini mlio hujificha

Mlio usio wa kudumu haujitokezi kwa bahati. Una masharti yake, na masharti hayo karibu daima ni manne: joto, mzigo, maji na mwendo.

Chuma kinapopata joto hutanuka. Bati la kuzuia joto lililolegea juu ya bomba la moshi laweza kunyamaza asubuhi na kulia mchana, au kinyume chake. Mzigo huikandamiza springi na kubadilisha pembe ya viungo, hivyo kiungo kilichotulia gari likiwa tupu hugonga likiwa limejaa. Maji huufanya mkanda wa feni uteleze na kupiga kelele wakati wa kuwasha gari asubuhi ya mvua, kisha ukakauka na kunyamaza baada ya dakika chache. Na mwendo huleta mtikisiko ambao hutokea kwa kasi fulani tu. Ukipunguza au ukiongeza, unatoweka.

Fundi aliyelijaribu gari likiwa tupu na baridi, kwenye mtaa ulionyooka, hakukudanganya. Hakupewa masharti ya mlio.

Andika kwanza, fungua baadaye

Askari anayepokea taarifa ya wizi haanzi kwa kukamata watu. Huuliza kwanza: lini, wapi, nani alikuwapo, na nini kilitangulia. Mwenye gari naye afanye vivyo hivyo. Weka daftari dogo ndani ya gari, na kila mlio unapotokea simama mahali salama uandike mambo haya: gari lilikuwa limetembea kwa muda gani tangu kuwashwa, lilikuwa na watu au mizigo kiasi gani, lilikuwa likipanda, likishuka, likikata kona au likivuka tuta, mguu ulikuwa juu ya breki, mafuta au klachi, na je, mvua ilikuwa imenyesha?

Jambo la mwisho, na ambalo wengi husahau: ni kitu gani kilichotengenezwa kabla mlio haujaanza? Mlio ulioanza siku moja baada ya kuziba pancha unamwelekeza mtu kwenye nati za gurudumu kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya wiki moja ya kuandika, kurasa hizo zitamsaidia fundi kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Kabla ya kwenda gereji, toa kila kitu kinachoweza kutikisika: jeki, spana, tairi la akiba lisilofungwa, chupa iliyobingirika chini ya kiti. Si aibu kugundua kwamba mlio wa mwezi mzima ulikuwa wa jeki.

Kuligawanya gari vipande

Sauti husafiri haraka ndani ya chuma, ndiyo maana kitu kinachogonga nyuma chaweza kusikika kana kwamba kipo chini ya dashibodi. Usiliamini sikio peke yake kuhusu mahali. Ligawanye gari kwa majaribio, moja baada ya jingine.

Jaribio la kwanza ni la injini. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia huru, kisha ongeza mafuta polepole. Mlio ukisikika na ukaenda haraka pamoja na injini, chanzo kipo chini ya boneti au kwenye bomba la moshi. Usiposikika hapo, lakini njiani ukaongezeka kadiri gari linavyokimbia, tazama magurudumu, beringi na ekseli.

Jaribio la pili ni la kona. Katika uwanja mpana, zungusha usukani hadi mwisho na uliendeshe gari taratibu. Mlio wa ta-ta-ta unaofuatana na mzunguko wa gurudumu huashiria kiungo cha ekseli ya mbele, hasa ukiona mfuko wake wa mpira umepasuka na grisi imerukia ndani ya rimu. Kuvuma kunakozidi gari linapoelemea upande mmoja kwenye kona ni dalili ya beringi ya upande ulioelemewa.

Jaribio la tatu ni la breki. Mlio mwembamba unaokuja unapokanyaga breki huenda ukatoka kwenye kipande kidogo cha chuma kilichowekwa makusudi ndani ya pedi, ambacho hugusa diski pedi inapokaribia kwisha. Mlio mzito wa kusaga una maana kwamba pedi imekwisha kabisa na chuma kinakula chuma.

Jaribio la nne ni la matuta. Kugonga kwa haraka na kwa sauti nyepesi juu ya mashimo madogo kwaweza kutoka kwenye linki za stabilaiza au shokapu. Kugonga kuzito, kwa mara moja moja, hasa wakati wa kufunga breki, kunadai uangalifu zaidi, kama mfano ufuatao utakavyoonyesha.

Mfano wa magunia ya kahawa

Tuseme mkulima mmoja wa upande wa Sironko ana gari la familia ambalo pia hulitumia kuteremsha kahawa hadi Mbale. Gari hugonga wakati wa kushuka tu. Akifika mjini huteremsha magunia, huenda gereji, na gari hunyamaza. Mafundi watatu wamelitazama. Mmoja amebadilisha shokapu, mwingine ameuza bushi mpya, na fedha zimekwenda bila mlio kwenda.

Daftari lake likisomwa kwa makini linaonyesha jambo moja: mlio haupo bila mambo matatu kukutana, yaani mzigo, mteremko na breki. Gari linapofungwa breki mteremkoni, uzito huhamia mbele, na magurudumu ya mbele husukumwa nyuma kwa nguvu dhidi ya mikono ya chini inayoyashika. Kama kiungo kati ya mkono huo na gurudumu kimelegea, ndipo hugonga. Mjini, gari likiwa tupu kwenye tambarare, nguvu hiyo haipo.

Fundi mwangalifu hatakwenda kulijaribu mteremkoni. Ataliacha na magunia yake, katika uwanja tambarare, na kumwomba mwenye gari aende kwa mwendo wa mtu anayetembea kisha afunge breki, huku yeye akisikiliza akiwa kando, mbali na njia ya gari. Akishajua ni upande upi, atateremsha mzigo, atainua gari kwa jeki, ataliweka juu ya stendi imara na kuzuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Kisha atashika gurudumu juu na chini na kulitikisa, na atatumia fimbo ya chuma kuusukuma mkono wa chini. Anachokikuta ni boljointi ambayo mfuko wake wa mpira umechanika na ambayo ndani yake hamna tena grisi, ila vumbi jekundu. Kiungo hicho ni mpira wa chuma ndani ya kikombe cha chuma. Kikombe kinapolika vya kutosha, mpira huchomoka, gurudumu hulala kama mguu uliovunjika, na usukani huwa hauna kazi. Katika uwanja hilo ni hasara. Kwenye kona za mteremko, na watoto wamekaa juu ya magunia, ni jambo ambalo hatutaki kuliandikia ripoti.

Milio isiyosubiri daftari

Milio mingine haitaki uchunguzi wa wiki nzima. Simamisha gari mahali salama na usiendelee iwapo unasikia breki zikisaga chuma kwa chuma. Iwapo kugonga kunafuatana na usukani kulegea au kuvuta upande. Iwapo gurudumu linagonga baada ya kufunguliwa na kufungwa upya. Au iwapo tairi linapiga barabara kwa mdundo huku gari likitetemeka. Mdundo huo waweza kuwa wa tairi linaloachana na matabaka yake. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Nati za gurudumu lililofungwa upya zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Abiria wa taksi nao wana sehemu yao. Anayesikia gurudumu likigonga chini ya kiti chake amwambie dereva, na dereva asimwone kuwa msumbufu.

Unaponunua gari, upande wowote wa mpaka

Familia nyingi za Lwakhakha, Suam, Malaba na Busia zina ndugu pande zote mbili za mpaka, na magari hubadilisha mikono kwa kuaminiana. Uaminifu ni mwema, lakini gari lina ushahidi wake. Lijaribu likiwa baridi na likiwa moto, ukiwa na watu ndani, na redio ikiwa imezimwa. Muuzaji anayekataa uzime redio amekwisha kukujibu.

Linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye hati ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Ukisikia sakafu ikilia kama mlango wa zamani gari linapopita kwenye shimo, tazama kama chesisi imechomelewa, kwa maana gari lililounganishwa kutoka vipande viwili huweza kuficha ajali, au wizi. Beringi zinazovuma na tope kavu chini ya zulia zaweza kusimulia mafuriko. Hapa Mbale tunakumbuka jinsi mito ya Nabuyonga na Namatala ilivyofurika mwishoni mwa Julai 2022. Gari lililozama laweza kusafishwa likang'aa, huku maji yakiwa yamekwisha ingia katika beringi na nyaya zake.

Na ikitokea kwamba katika kusaka mlio unakuta ndani ya mlango au chini ya kiti kifurushi usichokijua, usikifungue wala usikitupe. Kiache pale kilipo, ondoa watu karibu na gari, na upige simu polisi kwa namba 999 au 112. Aliyetoa taarifa mwenyewe ana maelezo yanayoaminika kuliko aliyekutwa nacho kizuizini.

Kuuliza swali kituoni si kukiri kosa. Mwenye gari aliye na shaka juu ya namba ya chesisi, hati za mpakani au usalama wa gari lake afike katika kituo cha polisi kilicho karibu naye kabla ya safari, pamoja na hati zake na daftari lake.