Nakshi Zilizomo Majumbani Mwetu

Wako wadhanio kwamba pambo zuri la nguo, la chumba au la daftari halina budi kutoka ng'ambo. Sisi twaona mwalimu wa nakshi yumo humu humu mwetu.

Itazameni misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19. Pambizoni mwake mna maua na michoro ya msuko kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Zitazameni zidaka za chokaa katika majumba ya kale ya Lamu, safu juu ya safu. Kisha kunjueni mkeka wa ukindu, mfuatishe kwa kidole jinsi miyaa iliyotiwa rangi ipishanavyo na ile isiyotiwa. Mshona kofia aweza kulichukua umbo moja katika hayo akalitia kofiani, tundu kwa tundu. Binti aweza kulichora juu ya jalada la daftari lake la chuoni, na mama akalitarizi kwenye mto. Gharama yake ni subira, na subira haiuzwi dukani.

Lakini hapa pana mpaka. Ua la msahafu lafaa kuhamia mtoni, aya haihamii. Tumeona vitambaa vyenye maneno ya Qur-ani vimetandikwa vitini, wageni wakavikalia, na wenye nyumba wakidhani wamepamba! Kitambaa cha namna hiyo kikiwamo nyumbani, na kiondolewe leo hii, kitundikwe ukutani juu ya vichwa vya waketio.