Gari la kuni: nani anapima hewa?

Boti za mafuta zikichelewa ziwani, esanse inapanda bei hapa Kalemie na watu wanauliza: gari haliwezi kutembea na kuni? Linaweza. Wakati wa vita ya 1939-1945 Ulaya ilikosa esanse, na magari mengi yalitembea na gazojeni. Kuni zinaungua ndani ya pipa lenye hewa kidogo, zinatoa gazi, gazi inaingia kwenye motere.

Shida ni kuichanganya na hewa. Esanse kilo 1 inataka hewa karibu kilo 15. Gazi ya kuni inataka karibu litri kwa litri, na haitulii: kuni zikiwa mbichi, au gari likipanda mlima, kipimo kinabadilika. Zamani shofere alirekebisha hewa kwa mkono, huku akisikiliza motere.

Leo fundi anaweza kutumia sonda ya lambda, ile iko kwenye bomba la moshi la magari mengi. Ikipata moto inatoa umeme kidogo: karibu volti 0.8 gazi ikizidi, 0.2 hewa ikizidi. Kompyuta ndogo inasoma, halafu kamotere ka umeme kanafungua au kufunga kilango cha hewa, polepole. Kakifanya haraka, gari litayumba. Asubuhi sonda ingali baridi, kwa hiyo ule waya wa mkono usiutoe.

Nguvu bado itapungua, theluthi moja au zaidi. Na gazi hiyo ina monoksidi ya kaboni, haina harufu, inaua: usiwashe ndani ya gereji, hata mvua ikinyesha.